Msiba wa Beethoven Timbwani

Jumamosi, 15 Machi 1947

Vita vimetangazwa, na aliyevitangaza ni mama yangu mzazi. Amesema, huku akichambua mchicha, kwamba gramafoni itatoka nyumbani Jumamosi ijayo. Fundi Odhiambo, mshonaji wa pale karibu na feri, anaitaka kwa ajili ya dansi zake, na yu tayari kutoa badala yake cherehani yake ya pili. Mama ameiona cherehani hiyo. Amelizungusha gurudumu lake. Ameipenda.

Nilisimama. Nikamkumbusha kwamba gramafoni hiyo marehemu baba aliachiwa na Mzungu aliyempikia kule Mtongwe. Kwamba mimi nilianza kumpenda Haydn nikiwa nimekalia gunia la viazi nje ya dirisha la jiko lile, kabla sijajua kusoma. Kwamba Beethoven hakuwainamia watawala, na kwamba taifa lisilomjua Beethoven litachelewa kujikomboa. Mama akauliza kama huyo Beethoven anaweza kushona sare za shule.

Mapatano yamefikiwa. Gramafoni itabaki iwapo Mama, kwa macho yake, atawaona majirani wameketi kwa hiari yao na kuwasikiliza "hao Wazungu wako waliokwisha kufa" mpaka mwisho. Chuo kilichonipumzisha muhula mzima kwa sababu ya hotuba yangu juu ya maharagwe hakikunitisha. Itanitisha cherehani?

Jumapili, 16 Machi

Baada ya kanisa, nikaenda kwa umma. Niliiweka gramafoni juu ya sanduku mahali watu wanaposhukia feri, nikampa Bach nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndiye msingi, na jengo huanzia kwenye msingi. Nikahutubia. Enyi wenye kiu ya haki, nikasema, sikieni jinsi sauti nne zinavyoweza kuwa huru bila kukanyagana.

Upepo ukambeba Bach moja kwa moja hadi Kilindini. Mzee mmoja alisimama, akasikiliza kwa makini, akaniuliza dawa yenyewe iko wapi, na kama inafaa kwa maumivu ya kiuno. Nilipomwambia hakuna dawa, alikasirika, akasema nimempotezea feri.

Akapita Odhiambo, kofia kisogoni, futi ya kupimia shingoni. Akainama mbele ya pembe ya gramafoni. "Ndugu msomi, huyu mtu wako anahesabu nini? Moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, na kumi hafiki." Watu wakacheka. Wakati wa Bach walikuwa hawana nafasi. Wakati wa Odhiambo wote walikuwa na nafasi.

Jumanne, 18 Machi

Mkakati mpya: tumbo. Nimekaanga mahamri mwenyewe. Nimeungua vidole viwili, lakini mapinduzi hayana glavu. Wamekuja majirani chungu nzima, wameketi vitini kwa adabu, chai mkononi. Mama kasimama mlangoni, shahidi. Nikaweka simfonia ya Beethoven.

Hapa ndipo maumbile ya santuri yaliponisaliti. Simfonia moja ina sahani nne, yaani pande nane, na kila upande hudumu dakika chache tu. Upande wa kwanza ulipokwisha, wageni wote wakainuka. Wakanishukuru. Wakanipa mkono mmoja mmoja, wakaniombea baraka, wakanituma salamu kwa watu wa chuo, wakatoka na mahamri yaliyobaki. Nikawafuata hadi njiani na upande wa pili mkononi, nikiwaeleza kwamba Beethoven ndiyo kwanza anaanza. Hawe Kache, bibi wa nyumba ya pili ambaye mtaa mzima humwita hawe, yaani nyanya, alinipigapiga begani. Mjukuu wangu, akasema, mgeni mwema hujua wakati wa kuondoka.

Nikamrudia Mama ndani. Alikuwa akipima kwa shubiri nafasi iliyo chini ya dirisha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetafakari, na kosa nimelipata. Kosa ni viti! Mtu aliyeketi kitini amekwisha kumaliza nusu ya safari ya kuinuka. Mtu aliyeketi mkekani amejikabidhi. Kesho Mama anakwenda Kisauni kwa dada yake, atarudi alasiri. Kesho fanicha yote itatoka nje, mikeka itaingia, na milango itaachwa wazi ili yeyote apitaye avutwe na muziki wenyewe, bila hotuba. (Hotuba nimeiandika, lakini nitaizuia.)

Odhiambo alifika jioni kuuliza kama kifuniko cha gramafoni hufunga vizuri. Alikuja na kitambaa cha kuifunikia, kimeshonwa tayari, chenye maua. Kuna watu hawana haya.

Ijumaa, 21 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda kwa hawe Kache kuazima mikeka. Alinitazama, akaweka mkono kifuani, akanipa yote aliyokuwa nayo bila kuuliza. Niliuona huo kuwa mwamko wa umma. Nikatoa nje vitanda, viti, kabati la vyombo. Nikatandika. Nikaanza na kile kipande cha polepole cha Beethoven ambamo fidla zinalia, nikaketi kizingitini, kichwa mikononi, kama nifanyavyo siku zote kipande hicho kinapopigwa.

Nilipoinua kichwa, nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Kanga zimefunika vichwa. Wengine waliingia na kuni, wengine na unga, mmoja na mtungi wa maji. Nje, wanaume walikuwa wamekalia kitanda changu, kimya. Nikageuza santuri. Hakuna aliyeinuka. Nikabadilisha sahani. Hakuna aliyeinuka. Machozi yalinilengalenga.

Hawe Kache akasogea, akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka.

Ndipo nikayaona yote kwa mara moja: vitanda nje, mikeka ndani, mimi kizingitini, fidla zinalia. Nilipata dakika moja ya kusema kweli. Niliitumia kugeuza santuri. Kisha nikasema: Beethoven. Nawauliza wanafalsafa, uongo uko wapi? Amekufa.

Akauliza ni nani kwetu. Nikasema ndiye aliyenilea. Akauliza ameacha watoto wangapi. Nikasema hakuoa. Nyumba ikaguna. Na mwishoni, nikaongeza, alikuwa kiziwi, hakuzisikia hata nyimbo zake mwenyewe. Basi kilio kikaanzia pembeni kikaenea chumba kizima. "Mtu mzima wa watu," hawe Kache akasema, "bila mke, bila mtoto, bila masikio."

Odhiambo naye alikuja. Akavua kofia, akaketi ukutani. Kufikia upande wa tano alikuwa akilia kuliko wote, mabega yakitikisika, nami nikamhesabia kuwa ni unafiki wa mshindani. Mwarandu, jirani aliyeketi naye, ndiye aliyeninong'oneza: ndugu yake Odhiambo alikwenda Burma na jeshi, hakurudi, na tangu habari ije Odhiambo hajapata mkeka wa kumlilia. Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Niliongeza kuzungusha mpini, gramafoni isije ikachoka.

Hapo ndipo Mama alipotokea njiani. Aliona kitanda nje. Aliwaona wanaume. Kapu likaanguka, maembe yakabingirika hadi miguuni pao, naye akaliita jina langu, Jefwa, kwa sauti ambayo sitaisahau. Nikatoka mbio, santuri mkononi. Akanikumbatia. Akanipapasa uso. Kisha akanisukuma mbali kidogo ili anitazame vizuri, na akauliza nani amekufa. Hawe Kache akamwambia, kwa upole, Bithoveni.

Mama akaniuliza mbele ya wote: lini?

Nikasema mwaka elfu moja mia nane ishirini na saba.

Hakuna okestra iliyowahi kupewa kimya cha namna ile. "Miaka mia na ishirini, Jefwa," hawe Kache akasema, "na ndiyo kwanza mnatuambia?"

Nilidhani watanipiga. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka na maji ya ugali yamechemka. Odhiambo akapangusa macho kwa futi yake, akauliza kama upande umebaki. Ulikuwa umebaki mmoja. Wakausikiliza.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejitetea mbele ya Mama kwa hoja saba. Waliketi, kwa hiari yao, mpaka mwisho, naye ameona kwa macho. Mama akajibu kwamba walikaa kwa ajili ya maiti. Nikasema maiti ndiye mtunzi. Akasema mwenye kumfanya mamake alie msiba wa mwanawe njiani hana kesi, na kitanda changu nikiingize ndani.

Odhiambo ameleta cherehani, amechukua gramafoni na santuri zote. Kitambaa chake cha maua kimeitosha barabara.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepita dukani kwa Odhiambo, kwa bahati mbaya tu, mara nne. Hapigi dansi. Anashona, na gramafoni inapiga kile kipande cha polepole. Wateja wameketi kwenye mkeka mlangoni. Hawe Kache yupo, anasuka ukili wa mkeka. Upande unapokwisha, hakuna anayeaga! Odhiambo anaacha mguu wa cherehani, anageuza, anaendelea. Ameanza na upande wa sita, kisha wa tatu. Huo ni ushenzi, nami nimemwambia. Amenisogezea nafasi mkekani.

Sikuketi. Nimerudi nyumbani nikapanga. Msiba, kama ajuavyo kila mtu, hukaa kwa mfiwa, na gramafoni haina budi kuufuata msiba. Jioni nimemfikia hawe Kache kwake, nimeinamisha kichwa, nimemwarifu kuhusu mzee wangu mwingine, Haydn. Akauliza huyo naye alikufa lini. Nimemjibu kwa uangalifu kwamba bado, lakini hali yake si nzuri.

Ameweka ukili wake kando. Kisha ameuliza kama vitanda tuvitoe leo, au tungoje kwanza Mama aende Kisauni.