Ubatizo wa Saa Nne Kamili

Jumatatu, 3 Machi
Tumefika kisiwani! Mimi, mwinjilisti mpya, mke wangu na godoro. Nyumba ya misheni ina vyumba viwili, popo darini na mlango unaofunguka wenyewe. Mke wangu akauliza kama haya ndiyo "makao" niliyomsifia. Nimemwambia avute subira. Kisiwa hiki kitanijua.

Baba askofu anakuja Jumapili kutukagua. Asiporidhika, narudishwa bara kupanga viti vya mikutano chini ya shemeji yangu, ambaye tayari ananicheka. Sirudi ng'o!

Saa nne asubuhi nikashuka ufukweni. Bahari imejaa hadi kwenye minazi. Wazo likanijia papo hapo: ubatizo baharini, askofu mwenyewe akiwa ndani ya maji! Nani atamhamisha mtu wa namna hiyo?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata watu sita wa kubatizwa. Kwa kweli kawafundisha Mama Kwaya, aliyelishikilia kanisa hili miaka yote kabla yangu. Lakini tangazo nimelisoma mimi: Jumapili, saa nne kamili.

Mama Kwaya akanifuata nje, akasema kwa upole afadhali tusogeze hadi alasiri. Nimemwelewa mara moja. Anataka asubuhi nzima iwe ya kwaya yake, mimi niachiwe askofu anayesinzia! Akaanza kunieleza habari za mwezi. Mwezi! Nikamkata kauli, nikamwambia sisi si wapiga ramli. Akaguna, akaenda zake. Moyo wangu unaruka kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi. Nimemzamisha mke wangu kwenye godoro mara kadhaa. Anasema shingo inamuuma, na kwamba ubatizo wake wa kwanza ulimtosha. Akauliza kwa nini nisifanyie mazoezi baharini kwenyewe. Nimemjibu kwamba hii ni siri, na Mama Kwaya ana macho kila mahali.

Jumapili, 9 Machi
Saa nne kamili niliongoza msafara, kanzu nyeupe, askofu ubavuni. Tukatokea kwenye minazi. Bahari haipo!

Haipo kabisa. Tope tupu, kaa wanakimbizana, maji yanametameta kule mbali. Nilitamani ardhi inimeze, na ilikaribia, maana nilimshawishi askofu tuifuate bahari kwa miguu. Akazama hadi magotini. Kiatu chake kimoja bado kiko huko. Nikaona kidimbwi, nikapendekeza tuwabatize wakiwa wamelala chali, kwa zamu. Askofu akaanza kuita watu wamtoe.

Mama Kwaya ndiye aliyemtoa topeni. Akamketisha kivulini, akamwosha miguu, kwaya ikaimba. Watu wakaja kumwona askofu mwenye tope, wakanogewa na nyimbo, wakabaki. Alasiri bahari ikarudi, kama mtu aliyekwenda dukani tu. Wote sita wakabatizwa mbele ya umati. Askofu akafurahi mno. Akasema nisihamishwe, ila misheni iwe chini ya Mama Kwaya, nami niwe msaidizi wake hadi nijifunze kusikiliza.

Nimebaki! Shemeji atajiju!

Jumanne, 11 Machi
Jana nilisikiliza kutwa. Inatosha.

Leo mchana nimegundua kitu ambacho Mama Kwaya, na miaka yake yote, hakukiona. Mbele ya ufukwe kuna fungu kubwa la mchanga, jeupe, tambarare. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna hata mgomba mmoja. Watu wa hapa wamelala! Nimevuka kwa miguu, maji hayafiki hata kwenye vifundo. Kanisa jipya litaenea hapo, na nyumba ya mwinjilisti pia.

Nilipomweleza Mama Kwaya, akauliza kama nimewahi kulitazama jioni. Nikamjibu kwamba mwenye maono hangoji jioni. Akacheka mpaka akakaa chini. Wivu tu! Mke wangu amekataa kuja. Basi mabenchi yote ya kanisa nimeyavusha peke yangu, na haya nayaandika nikiwa nimeketi kwenye benchi la mbele. Upepo mwanana. Hata mawimbi yameanza kusogea karibu.