Niliambiwa Ninyamaze, Nikafungua Pedali ya Baba Mkwe

Leo nimejiaibisha, tena kwa spika.

Nawaandikia nikiwa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga hapa Shirimatunda, suti bado mwilini, tai mfukoni. Baba mdogo amenishusha getini bila hata kuniaga. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjacheka. (Najua hamtaweza.)

Mnajua leo tulikuwa tunapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kina Neema, binti ninayetaka kumwoa, kule Mkuu, Rombo. Mara ya kwanza tulipokwenda, baba yake hakukataa wala hakukubali. Alisema tu angependa kumwona kijana tena. Sisi Walutheri, wao Wakatoliki, na mimi ni fundi redio ninayepigia kwaya gitaa, kwa hiyo sikuwa nimeanza vizuri sana. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Akisema hapana, Neema ndiyo basi.

Njia nzima baba mdogo alinifundisha somo moja. Anayeoa haongei. Anaongea mshenga, wanaongea wazee, wewe unakaa ndani na mikono yako magotini mpaka uitwe.

"Kazi yako leo ni kunyamaza," akaniambia. "Hata mbuzi anaiweza."

Nikamjibu sawa. (Mbuzi ana akili sana, leo nimekubali.)

Tulifika kukiwa na manyunyu. Shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo shangazi, mpaka nikamwamkia na dada mmoja ambaye nadhani ni mdogo kwangu. Wazee wakakaribishwa uani, chini ya turubai, mtungi wa mbege katikati. Mimi nikaingizwa sebuleni peke yangu. Nikakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Mikono magotini.

Halafu nikaiona mezani.

Niwaeleze kidogo. Baba Neema aliongoza watalii mlimani mpaka magoti yakamgomea. Mgeni wake mmoja kazi yake ni kutengeneza pedali za gitaa, nyumbani kwake, kwa mkono, moja moja. Ni zile za ovadraivu: unakanyaga, na sauti laini ya gitaa inapata mikwaruzo, kama mtu aliyeimba ibada tatu mfululizo. Kwa kuwa mlimani walikuwa wakiimba pamoja kila wakipiga kambi, yule mgeni aliporudi kwao akamtumia mzee moja kama zawadi. Neema alishanisimulia. Kuiona, sikuwahi.

Na ninyi mnanijua. Mimi nimejaribu kutengeneza pedali hiyo mara nyingi, kwenye makopo ya maziwa ya unga. Zote zinalia kama nyuki waliochokozwa. Mchungaji aliwahi kusimamisha wimbo katikati akauliza kama kuna mtu anakata bati. Kwa hiyo mjue hali yangu nilipoiona pedali ya kweli, iliyotengenezwa na mtu asiyekuwa na haraka, imekaa mezani umbali wa mkono.

Baba Neema alikuwa amepanga kuwapigia wageni baada ya mbege. Gitaa lake kuukuu, alilolinunua bendi fulani ya dansi ilipovunjika, aliliacha sebuleni lisinyeshewe. Waya ulitoka kwenye gitaa ukaingia kwenye pedali, na mwingine ukatoka kwenye pedali ukapita dirishani hadi amplifaya na spika kubwa uani. Ila umeme ulikuwa umekatika. Nilimsikia mwenyewe akilalamika tulipokuwa tunaingia.

Nikajisemea, kuiangalia tu si kosa.

Nikaishika. Nzito! Boksi lake ni aluminiamu nene, limepigwa rangi ya kijani, si bati la kukunja. Nikazungusha vitufe. Vinazunguka vizuri, havikwami wala havichezi. Nikavizungusha vyote mpaka mwisho ili nivihisi vizuri (kumbukeni hilo). Nikakanyaga swichi kwa kidole gumba, taa ndogo nyekundu ikawaka. Kumbe ina betri ndani. Nikaigeuza. Chini kuna skrubu nne.

Na kwenye funguo zangu mimi nina bisibisi ndogo. Haiwezi kuondoka, ni kama kipaimara changu.

Kupitia lile dirisha lililoachwa wazi kwa ajili ya waya, nilimsikia mshenga wetu, mzee Elifasi, akinipamba. Kijana wetu ni mpole. Kijana wetu ni msikivu. Nikalilaza gitaa mapajani liwe meza, nikatandika leso juu ya nyuzi nisichubue kitu, nikaiweka pedali juu yake. Nikafungua skrubu ya kwanza wakati mzee Elifasi anasema, "Na hagusi cha mtu."

Iliniuma kidogo. Nikafungua ya pili.

Sasa mafundi wenzangu mnajua ugonjwa wetu. Mtu akiwa na kazi mkononi anaongea nayo. Mimi nikifungua redio naipa pole, naiuliza inaumwa wapi. Sijawahi kuona ubaya wake mpaka leo.

Kifuniko kikatoka. Jamani, usafi! Nyaya zimelazwa kwa mpangilio, zimefungwa pamoja kwa uzi. Kila palipochomewa risasi ya kuunganishia nyaya panang'aa, hakuna tone lililomwagika. Ila katikati, pale penyewe ninapopataka, amemwagia gundi nyeusi kama lami. Watengenezaji hawa hufanya hivyo makusudi ili watu kama mimi tusione kilichomo. Nikaibonyeza kwa ukucha. Ikabonyea. Haikuwa ile inayoganda kama jiwe, ilikuwa ya mpira.

"Pole mama," nikaiambia pedali. "Nakufungua tumbo kidogo tu."

Nje pakawa kimya. Nikadhani wazee wameguswa na maneno ya mshenga.

Nikaanza kubandua kwa ncha ya bisibisi. Krr, krr. Kipande cha kwanza kikatoka, nikaona ayisii, kile kidude cheusi cha miguu minane. Ni ile ile! Ile inayouzwa mjini Moshi kwenye kila duka la vipuri, niliyoweka kwenye makopo yangu yote. Moyo ukashuka.

"Loo, baba mkwe," nikasema kwa huzuni ya kweli. "Wamekupiga mchana kweupe. Hii hata mimi ninayo."

Nje mtu akakohoa. Nikaendelea kubandua.

"Usiogope. Gundi nitairudishia, mzee hatajua."

Kipande cha pili kikatoka. Hapo ndipo zilipokaa diodi, vile vidude vidogo vinavyokata kichwa cha sauti mpaka ipate mikwaruzo. Kwenye pedali ya kawaida ziko mbili, moja upande huu na moja upande ule. Nikahesabu.

"Moja. Mbili." Nikainama zaidi, pua karibu iguse nyuzi. "Tatu? Ziko tatu!"

Na hapo nje, kwenye spika kubwa ya Baba Neema, sauti nzito yenye mikwaruzo ikasema "tatu" pamoja na mimi.

Nikashtuka. Nikaguna. Spika nayo ikaguna.

Mtu mwenye akili timamu hapo angeweka kila kitu chini na kuanza kusali. Lakini mimi kichwani lilinijia swali moja tu: imewezekanaje? Hakuna maikrofoni. Kuna gitaa, na gitaa husikia nyuzi, halisikii watu. Umeme kurudi, sawa, umerudi bila mimi kujua. Lakini sauti yangu imepita wapi?

Swali likanizidi nguvu. Nikainamia gitaa.

"Halo?" nikasema taratibu.

"HALO," uani pakajibu.

Nikainua kichwa kidogo nione ni umbali gani bado linanisikia. "Halo, halo."

Mlango wa sebuleni ukafunguliwa. Ni Neema. Amevaa kitenge kipya, amesuka, amependeza, na machozi yanamtoka. Sikujua analia au anacheka. Nadhani na yeye alikuwa hajaamua.

"Wewe," akasema, "wazee wote wanakusikiliza tangu ulipoanza kumfungua mama wa watu tumbo."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka masikio yangu kupata moto. Nakumbuka nilitaka kutokea dirishani, na kwamba sikutoka kwa sababu ningekanyaga waya wa amplifaya. Nje nilimsikia baba mdogo akiomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili tena. Moyoni nikasema basi, Neema nimempoteza kwa sababu ya diodi.

Shangazi yake Neema ndiye aliyeniokoa. Aliingia kupitia jikoni, mkononi ana jani la isale alilolichuma mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, bado linachuruzika maji ya manyunyu. Ninyi wa huku mnajua: ukimkosea mtu ukamletea isale, akilipokea amesamehe. Akaniwekea mikononi bila maneno mengi. Akanisukuma.

Nikatoka uani. Wazee wameshikilia kata za mbege hewani. Mzee Elifasi anatazama viatu vyake. Baba mdogo ananitazama mimi, na afadhali angetazama viatu. Nikaenda mpaka mbele ya Baba Neema, nikapiga goti na suti yangu kwenye tope, nikamtolea jani kwa mikono miwili.

Akalitazama muda mrefu. Nilisikia matone yakidondoka kwenye turubai. Mwisho akalipokea, akaliweka mapajani. Lakini hakuniambia niinuke.

"Ulisema ziko tatu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Tatu nini?"

Nikamweleza, nikiwa bado nimepiga goti. Kwamba watengenezaji wengi huweka diodi moja kila upande, sauti inakatwa sawa juu na chini. Ila rafiki yake ameweka mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kwa hiyo upande mmoja unawahi kukatwa na mwingine unachelewa. Ndiyo maana pedali yake ina koo, haikwaruzi kama nyuki. Na ile kazi ya risasi, nikamwambia, mimi nimefungua vitu vingi maishani lakini usafi ule sijawahi kuuona.

"Kwa hiyo sijapigwa," akasema.

"Hujapigwa, baba. Nilisema vile kabla sijamaliza kuchunguza."

Halafu akanena kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Tangu nimeletewa, kila nikiipiga najiuliza ndani kuna nini. Nimeshashika bisibisi mara nyingi tu. Nikawa naona aibu, zawadi ya mtu." Akainuka, akashika fimbo yake. "Twende ukanionyeshe. Na unieleze hiyo sauti yako imepitaje kwenye gitaa langu."

Baba mdogo akajishika kichwa. Mazungumzo ya uchumba yakasimama, na Baba Neema na mimi tukaingia ndani.

Tulichokigundua ni hiki. Chini ya nyuzi za gitaa kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na kwenye gitaa lake huo waya umelegea kwa uzee. Ukisema karibu nao unatikisika, na unageuka maikrofoni mbovu; kadiri unavyoinama ndivyo sauti inavyokua. Kwa kawaida sauti hiyo haisikiki. Lakini kuna mpumbavu mmoja alikuwa amezungusha vitufe vyote mpaka mwisho.

Mzee hakuamini mpaka ajaribu mwenyewe. Akavaa miwani, akainama, akaliambia gitaa, "Mama Neema, tuletee mbege huku." Uani pakalipuka kicheko, na mbege ikaja. Tulikaa pale tukibandua gundi iliyobaki, yeye ameshika tochi, mimi bisibisi, mpaka mzee Elifasi akaja mlangoni kuuliza kwa adabu kama bado tunaoa au tumeacha.

Baba Neema akatoka akasimama mbele ya wote.

"Sifa zote mlizompa huyu kijana nimezisikia," akasema. "Ile ya kwamba hagusi cha mtu, ifuteni. Nyingine tuendelee nazo."

Basi, ndiyo hivyo. Wameendelea. Siku ya kurudi imepangwa, na mimi nimeamriwa nije na makopo yangu ya maziwa yote, mzee anataka kuyachungulia. Baba mdogo anasema safari hiyo nitakaa ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa.

Neema hajanipigia. Amenitumia tu ujumbe wa sauti sasa hivi. Nimeufungua nikidhani ni maneno matamu. Ni yeye, anasema kwa sauti nzito ya kukwaruza, "Halo? Halo?" Kisha nasikia ukoo mzima nyuma yake ukicheka, na baba yake kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa ninyi, kama lazima mcheke, naomba kwanza mchomoe spika.