Kabati la Kuzamisha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Pasta amekuja kumwona Wachuka. Amefunga macho, amenyoosha mkono, ameombea meza. Si mgonjwa, meza! Dawa za moyo za mke wangu zimejaa pale mpaka sahani hazina nafasi. Alipoondoka, Wachuka akasema amechoka kunywa chai akitazamana na ugonjwa wake.

Shemeji Lewis, kaka yake, alikuwepo. Akatangaza kwamba kwake Milimani dawa hukaa bafuni, kwenye kabati lililozamishwa ndani ya ukuta, kioo mbele, huoni kitu. Tena Wachuka angehamia huko apumzike vizuri. Apumzike! Kwani hapa Lanet analima? Nikamjibu kabati letu liko njiani. Halikuwa njiani. Sasa liko.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kwa Jemutai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akauliza: la kutundika au la kuzamisha? La kutundika, akasema, ni skrubu chache tu na jioni hiyo hiyo unaweka dawa, ila linatokeza na mtu anaweza kugonga kichwa. La kuzamisha linapendeza zaidi, lakini ukuta lazima uwe mnene. Wangu ukoje? Nikasema mnene sana.

"Umepima, mzee?"

Nikamwambia nimeishi ndani yake tangu nioe. Akanishauri la kutundika. Lakini Lewis ana la kuzamisha. Nimerudi na la kuzamisha.

Alhamisi, 6 Machi

Patasi, nyundo, taulo kichwani. Wachuka alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta wa bafu. Akaniita, akauliza kama nimetafuta fundi. Nikajibu fundi ndiye huyu. Jiwe likatoka kirahisi mno. Nikaona mwanga. Kisha kitanda. Kisha Wachuka, blanketi hadi kidevuni, nyusi nyeupe kwa vumbi.

"Baba Cate," akasema, "karibu chumbani."

Tulicheka! Hatujacheka hivyo tangu augue. Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikakataa kuisha. Nikampitishia maji kwenye shimo. Bado. Nikafungua madirisha yote. Bado.

Ijumaa, 7 Machi

Lewis amekuja na gari. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Ametazama shimo, akamtazama dada yake akivuta pumzi kwa shida, akaanza kubeba mablanketi. Wachuka amesema ni siku chache tu, vumbi litulie. Dawa zote zimeenda naye. Meza ni tupu. Si ndivyo nilivyotaka?

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimeenda Milimani. Kabati la Lewis ni zuri. Nimelifungua na kulifunga hadi mkewe akabisha mlango kuuliza kama ninaumwa.

Nikamwambia Wachuka nitamfanyia lililo bora zaidi. Akanishika mkono. Vidole vyake vimekuwa vyepesi. Akasema hapo anatunzwa vizuri, lakini anaachiwa vidonge na glasi ya maji, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake.

"Wewe ulikuwa unakaa nami mezani mpaka nimeze cha mwisho," akasema. "Ziba hilo shimo nirudi nyumbani. Kabati sitaki."

Nikaahidi. Nikashindwa kumalizia chai yangu.

Jumatano, 12 Machi

Shimo limezibwa. Karibu lote. Nikiwa na simiti mkononi nikawaza: kabati likiingia nusu ukutani na nusu litokeze? Kuzamisha na kutundika kwa pamoja! Hata Jemutai hajawahi kuwaza hilo. Wachuka akiliona atabadili mawazo.

Amepiga simu kuuliza kama anaweza kuja leo. Nikasema simiti haijakauka, angoje kidogo. Akasema sawa, lakini nisikawie. Sababu yenyewe sikumwambia. Nataka nione uso wake.

Ijumaa, 14 Machi

Lewis amepiga simu asubuhi. Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho. Akaniuliza kama nimeketi, nikajua.

Moyo wa Wachuka umesimama akingoja kifungua kinywa. Alikuwa ameshavaa gauni la kutokea. Alimwambia Lewis kwamba leo amrudishe nyumbani, simiti ikauke isikauke.

Kabati limekaa sawasawa. Halijapinda hata kidogo. Nimekaa kwenye sakafu ya bafu nikalitazama.

Jumamosi, 29 Machi

Tumeshamzika. Cate, binti yetu, amerudi kazini Eldoret. Lewis huja kuniona, hupika chai mbaya, wala hasemi tena habari za Milimani. Leo tumelia pamoja, wazee wawili, kisha akaosha vikombe bila kuambiwa. Sikujua ningempenda huyu mtu.

Cate ametuachia picha kubwa ya mama yake, ndani ya fremu. Anatabasamu, jino la mbele limejitokeza kidogo. Lewis akasema tuitundike sebuleni. Msumari mmoja unatosha. Msumari mmoja! Wachuka aning'inie kama kalenda? Picha hii itaingia ndani ya ukuta, akae humu nyumbani kabisa, pasiwe na wa kumwondoa.

Nimeugonga ukuta kwa kidole. Huu ni mnene, nina hakika. Lewis ameshaenda. Naanza Jumatatu, kabla hajafika.