Suti ya Magugu Maji

Jamani, leo nimeaibishwa na mbuzi. Mbele ya watu. Mbele ya mkuu wa chuo!

Mnajua vile chuo chetu hapa Kisumu kinavyojisifu kwa mazingira. Sola juu ya kila paa, plastiki marufuku tangu getini, na sisi wa Biashara Endelevu ndio tunaotolewa nje kila wageni wakija (kama vyombo vya kabatini). Leo mgeni alikuwa Mama Nasim, mwenye kiwanda cha nguo mjini. Atakayempendeza anapata nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo kazini, kwake. Wenzangu wote wana nafasi. Mimi sina, na bila hiyo sihitimu.

Bidhaa yetu ni suti iliyosukwa kwa magugu maji ya ufuo wa Dunga, yale yale yanayoziba ziwa. Rafiki yangu Achieng ndiye aliyesuka. Mimi ndiye mwanamitindo (msianze, miguu ninayo).

Asubuhi naivaa, inawasha! Nikaruka kama niliyekalia siafu.

"Achi, siwezi tembea na hii kitu."

"Omera, ndugu yangu, tulia nikuwekee laini ya ndani." Akakata gunia la sukari, lile la plastiki, akalishonea ndani ya suruali. "Nani ataangalia huko ndani?"

Nikaona ni kweli. Nani angeangalia huko?

Wageni wakaketi kwenye viti vilivyopangwa nyasini mbele ya ukumbi. Nikajitokeza kwa madaha, nikasimama mbele ya Mama Nasim, nikakohoa kidogo.

"Mama, suti hii haina plastiki hata chembe. Imetoka ziwani na itarudi udongoni."

Nikahisi kitu kinanivuta nyuma. Nikadhani ni Achieng ananirekebisha, nikazidi kutabasamu. Kikavuta tena. Kisha nikasikia kutafuna.

"Yawa! Mbuzi!" Achieng akapiga kelele.

Beberu! Mnawajua hawa mbuzi wanaozurura mjini kana kwamba wamelipa karo. Mmoja alikuwa ameng'ata makalio ya suruali yangu, anakula kwa raha zake. Nikakimbia (kosa kubwa). Yeye hakuachilia. Suruali ikafumuka yote kwa nyuma, nikabaki na gunia, jeupe pee, na maandishi ya kijani: SUKARI. WEKA MAHALI PAKAVU.

Mkuu wa chuo akayasoma kwa sauti!

"Na hiyo si plastiki?" Mama Nasim akauliza.

"Ni... ni ya ndani tu, Mama."

Watu walianguka vitini. Mama Nasim alicheka hadi mtandio ukamtoka kichwani. Mimi nilikuwa nimeshika makalio kwa mikono miwili, machozi yananilengalenga, naiona atachimenti ikiyeyuka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama beberu, ambaye sasa alikuwa anaokota mabaki moja moja.

"Kijana, hiyo nguo siwezi uza. Na uongo sitaki kwa kiwanda yangu, umeskia?"

"Nimesikia, Mama. Samahani."

"Lakini niko na mbuzi wengi huko Ahero. Mafuriko ikikuja wanakosa nyasi kabisa. Mnaweza nikaushia hii magugu ya kulisha?"

"Tunaweza!" Achieng akajibu kabla sijameza mate.

"Basi kuja Jumatatu tuanze. Na uvae suruali."

Kwa hivyo nafasi nimepata, asanteni kwa maombi. Nimesomea biashara miaka yote hii, na mteja wangu wa kwanza ana pembe.