Muziki Wangu Mkubwa wa Mkoa

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Tangazo ofisini! Jumamosi ya wiki ijayo PC, mkuu wa mkoa, anakuja uwanja wa Garissa kusikiliza kazi za sanaa kuhusu historia na mandhari ya mkoa. Nafasi ya afisa wa utamaduni iko wazi. Daud, mpiga chapa, akajigamba kuwa ana shairi. Shairi! Nikamwambia DC, mkuu wa wilaya, kwamba mimi, Awil, karani wa masjala, nimetunga muziki wa okestra wenye sehemu tano. Akauliza wapigaji wangapi. Nikasema arobaini. Akanitazama kwa heshima. Au kwa mshangao.
Hadi sasa nimeandika kichwa tu. Kichwa kizuri sana.

Jumatano, 6 Novemba
Sehemu ya kwanza, “Mto Tana”. Sijui nota, lakini nimeziona. Nikachora vitone vikiteremka kama maji. Mafuriko nikayachora nje ya mistari. Nilisisimka.
Tatizo ni “Visima vya Wajir”. Sijawahi kuteka maji kisimani. Mke wangu Hodo ni mtu wa Wajir, alikuwa uani akinywesha mbuzi na kuimba kwa sauti kubwa. Nikamwomba anyamaze, natunga. Akasema marehemu baba yake aliuimba wimbo huo kisimani na ngamia wakanywa hadi wakashiba. Nikamweleza kwamba natafuta muziki, sitafuti ngamia.

Ijumaa, 8 Novemba
Baada ya swala nimempata Abdikafi! Mkimbizi wa kambi ya Dadaab, yuko mjini kwa kibali cha wiki mbili, anatengeneza redio. Zamani alipiga fidla katika ukumbi mkubwa wa Mogadishu. Fidla aliivusha mpakani ikiwa imefungwa ndani ya godoro. Nikampa chai na nyama ya ngamia, nikamwahidi cheo cha msaidizi wa mtunzi. Akaitazama karatasi yangu muda mrefu. Akauliza kwa upole kama kuna mtoto nyumbani.

Jumapili, 10 Novemba
Mazoezi uani kwangu. Wamekuja watano: Abdikafi, mzee Gelle mstaafu wa magereza na tarumbeta yake, na wapiga ngoma watatu. Gelle anajua wimbo mmoja tu, ule wa kuamsha askari. DC alipopita na Daud nikamwambia wengine wako njiani, lori limekwama Habaswein. Daud akacheka. Mtu mdogo sana, yule.
Abdikafi akaomba kuondoka na karatasi zangu ili “azisafishe”. Kabla ya hapo alikaa saa nzima jikoni kwa Hodo, akimsikiliza anaimba. Nikamwacha apumzike.

Alhamisi, 14 Novemba
Karatasi mpya zimekuja. Safi! Pale pa jina la mtunzi Abdikafi ameacha wazi. Nikajaza mwenyewe, kwa wino.

Jumamosi, 16 Novemba
Siku yenyewe. Uwanja umejaa. Nikapanda jukwaani, nikainua kijiti. Gelle akapuliza wimbo wake mmoja. Polisi wote wakasimama wima! PC naye akasimama. Umma mzima ukasimama, ukidhani ni wimbo wa taifa. Nikaendelea kupunga mkono.
Ndipo Abdikafi akapiga fidla, polepole, bila kunitazama. Wimbo wa Hodo! Huko upande wa kina mama Hodo akasimama, akaimba. Wazee wafugaji wakaitikia, halafu uwanja wote, kama watu wanaopokezana ndoo. Mzee mmoja wa Sangailu alilia waziwazi. Hodo alifumba macho. Miaka kumi na moja ya ndoa na sikujua kama ana sauti ile. Nilishusha mkono. Hakuna aliyegundua.
PC akauliza nani mtunzi. Nikaruka mbele. Akanipa karatasi nimwonyeshe sauti ya kisima inaanzia wapi. Nikaonyesha kwa kidole. Abdikafi akanong'ona:
“Walaal, ndugu yangu, umeishika juu chini.”
Kisha akamwambia PC kwamba wimbo ni wa mama yule pale. Hodo akasema, “Wa baba yangu. Mimi nimeubeba tu.”
PC akawaalika wote wawili kurekodi redioni Nairobi, na akaagiza Abdikafi apewe kibali cha kubaki afundishe muziki shuleni. Abdikafi akaibusu fidla. Nafasi ya utamaduni amepewa Daud. Mimi nimeambiwa nirudishe viti.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimetafakari kwa kina. Kosa ni moja: mada ilikuwa ndogo. Hodo alinishauri niende Wajir siku chache, nikae kisimani, nisikilize. Nikamshukuru. Sina muda huo, kwani asubuhi nimemwandikia DC wa Mandera kwamba muziki wangu kuhusu wilaya yake unakaribia kukamilika, wapigaji themanini, na kwamba ningependa ofisi yenye feni.
Mandera sijafika. Nimemuuliza dereva wa lori kama kule kuna milima. Akasema ipo.
Inatosha.