Simu Inayorusha Mpira Ukutani

Foleni ya matrela ilipovuka kituo cha mafuta, Omuse alijua mambo yameiva. Dereva aliyekwama mpakani Malaba siku tatu hana kazi ila kula, kulala na kutazama mpira, na kibanda cha video cha Mama Petronilla kilikuwa na televisheni ndogo ambayo waliokaa nyuma waliisikia tu.

Omuse, mtu wa shati lililopigwa pasi, alitembea na simu tatu zinazofanana. Moja ilikuwa ya kweli: ndani yake mlikuwa na projekta ndogo ya leza, nyekundu, buluu na kijani. Hiyo ndiyo iliyomlisha, na hakuwa na uwezo wa kupata nyingine. Mbili zilikuwa maganda yenye leza ya kuchezea watoto. Alionyesha ya kweli, akauza ganda. Wiki iliyopita mteja wa Amukura alimshukuru mpaka Omuse akakaribia kuona haya.

"Mama, shusha pazia," alisema. "Nyekundu na buluu si kazi. Kijani ndiyo ilisumbua maprofesa, kupata ndogo ya kuingia kwa simu. Bila kijani, uwanja unakaa kama shamba la kiangazi."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Omuse hakuwa mtu wa kudanganya pasipo faida. Akabonyeza. Ukuta ukajaa nyasi, na madereva wawili wakasimama. Mara simu ikazimika.

"Kijani inakula chaji," alisema bila aibu.

"Basi tuichaji. Ikijaa nitalipa," Mama Petronilla alijibu. "Lakini hapa simu haipandi rafu bila namba."

Simu za madereva zilikuwa zimeshaleta ngumi kibandani hapo, ndiyo maana kila moja ilibandikwa plasta. Mama akaandika kumi na saba, akainama penye nyaya akiwa amempa mgongo, kisha akaenda kugeuza chapati. Omuse alikuwa na plasta yake na kalamu yake. Kufumba na kufumbua, kumi na saba ya rafuni ikaingia mfukoni, na ganda lenye kumi na saba likaning'inia kwenye waya.

Mama alilipa bei yote bila kuomba hata kupunguziwa. Hapo Omuse angeshtuka, lakini furaha ilikuwa imemziba masikio.

Kesho yake alikuwa Busia, sebuleni kwa Mzee Methuselah, aliyetaka kuwaonyesha wageni harusi ya bintiye. Omuse alimaliza habari ya maprofesa, akabonyeza. Kitone kimoja cha kijani kikatua ukutani.

Mzee alikitazama kwa subira. "Huyo ndiye bibi harusi?"

Omuse aligeuza simu. Nyuma palikuwa na tone la gundi alilodondosha mwenyewe. Lilikuwa ganda aliloliuza Amukura! Alichukua bodaboda mpaka Malaba akimhimiza dereva njia nzima.

Kibandani mpira ulichezwa ukutani, mpana kama shuka.

"Mama, simu yangu!"

"Yako si nilikurudishia?" Mama Petronilla alisema, macho yakiwa mpirani. "Alaso wa Amukura ni dada yangu. Aliniachia ile ulimuuzia, akaniambia nikikuona nikupatie. Nikaiwekea kumi na saba, nikaipandisha rafu, wewe mwenyewe ukaitoa. Hii nilinunua, nikalipa yote. Ama nilibakisha?"

Madereva wakageuka. Ili Omuse aseme ameibiwa, ingembidi kwanza aeleze alikuwa anaiba nini.

Iliuma. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameuza kitu halali, kwa bei ya ganda, na mteja alikuwa ameridhika kabisa. Wakati huo bao likaingia, kibanda kizima kikaruka.

"Boss," Mama akamnyooshea mkono, "kama unakaa, leta kiingilio."

Omuse alilipa, akatafuta nafasi huko nyuma. Alitazama nyasi kwa muda mrefu, akakiri moyoni kwamba kijani ile ilikuwa nzuri sana.