Kijaluba cha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mwezi wa pili tangu tumzike Mama. Nyumba imepoa. Baba anakaa kitini karibu na dirisha. Mimi nimejitwika kazi ya kupanga vitu vya marehemu, kwa kuwa ndimi pekee mwenye akili ya mpangilio. Dada kasema hapo kwenye akili nimezidisha chumvi. Wivu tu.

Kwenye droo nimekuta ajabu! Kijaluba cha fedha, kinaenea kiganjani, cheusi kwa uzee. Ukikifungua, kuna kifuniko cha pili chenye matundu kama chujio, na chini yake kipande cha sponji kilichokauka, rangi ya chai. Cha nini? Shemeji, mume wa dada, mwalimu wa historia na mjuaji wa kila kitu, katamka bila hata kukishika kwamba ni cha ugoro. Ati Mama yangu na ugoro! Nimemwambia ni cha chumvi, mtu anatikisa juu ya chakula. Kacheka mpaka kakohoa. Haya. Tutaonana.

Baba hatukumuuliza. Mzee ana msiba, tusimchoshe na mambo ya kitaalamu.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umeiva. Kuna bwana mwenye duka la vitu vya kale. Kesho nitampelekea kijaluba aamue mbele ya shemeji, halafu tuone sura yake.

Ila huwezi kumpelekea mtu kitu kichafu. Kile kipande cha sponji nimekitupa jalalani. Kilikuwa na harufu fulani, karafuu na kitu kingine. Nimesita nikiwa nimekishika, nikatamani kukaa chini nilie. Kazi kwanza! Magadi, maji ya moto, sabuni, mswaki wa zamani. Nimesugua mpaka ndani ya matundu. Kinang'aa hatari. Nimejiona pua ndani yake.

Jumatano, 6 Machi

Aibu. Mwenye duka kavaa miwani, kakigeuzageuza, kasema si ugoro wala chumvi. Ni cha harufu. Zamani mtu akipita penye uvundo alibeba sponji iliyoloweshwa siki ya viungo au manukato, akizidiwa anafungua na kunusa. Kisha kauliza sponji yake iko wapi. Nimetazama dari. Shemeji naye katazama dari. Mara ya kwanza tumekubaliana.

Kurudi nyumbani, Baba yuko mbele ya droo, anapapasa. Nimemkabidhi kijaluba, nikisubiri sifa. Kakifungua, kakipeleka puani kama mtu aliyezoea. Kanusa. Kanusa tena. Kakifunga taratibu, kasema ahsante mwanangu, kimekuwa kisafi.

Dada kanivuta jikoni, kanipasha! Tulipokuwa dukani Baba alimsimulia yote. Mama alikuwa akitapika kwenye basi kwa sababu ya moshi, basi Baba akamnunulia kijaluba wakiwa wachumba. Mama akawa anatia karafuu na mafuta yake ya nywele. Na tangu afe, kila asubuhi Baba hufungua droo, hunusa, ndipo anywe chai. Nimeuliza mbona hakutuambia. Dada kajibu kwani tulimuuliza?

Nimekimbilia jalalani. Gari la taka limeshapita. Nimekaa pale pale nikalia, majirani wananitazama. Namtaka mama yangu. Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku nzima nakoroga. Karafuu, siki, mafuta ya nywele kama yale ya Mama, sponji mpya ya kuoshea vyombo. Nimempelekea Baba. Kanusa, kasema kinyozi wake hunukia hivyo. Kanipigapiga begani. Shemeji hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.

Chai ya Baba imepoa mezani. Hakuigusa.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari. Somo limeniingia barabara: kijaluba cha harufu hakioshwi. Kamwe! Nimemfundisha hata shemeji.

Sasa nitamfurahisha Baba kwa njia nyingine. Asubuhi hii nimemkuta amesinzia kitini, amekumbatia sweta ya Mama, ile ya kijani, uso kauzamisha kwenye kola. Na kikombe mezani ni kitupu! Mzee kanywa chai. Nimefurahi mno. Ila sweta yenyewe haijafuliwa tangu Mama alazwe hospitali, tena ina doa la dawa mkononi. Maskini Baba, kulalia uchafu ule kwa kukosa mtu wa kumfulia, na mimi mwanawe nipo!

Nimeichomoa polepole asishtuke. Mikono yake imebaki vile vile, imekumbatia hewa. Sweta iko kwenye ndoo, nimetia sabuni ya unga ya ndimu, vijiko viwili vya ziada. Akiamka ataikuta kambani.